Kidonge cha Alhamisi

Ufunguo wa kabati la dawa niliuvaa shingoni
chini ya sweta mbili,
maana baridi ya Isyonje haina likizo.

Matroni Lugano alipostaafu alinikabidhi vyote kwa hesabu:
makopo ya panado, pampu ya pumu ya Ambakisye,
dawa ya macho isiyo na mwenyewe,
na pakiti ya Subilaga, kidato cha kwanza:
kidonge kimoja cheupe, saa mbili usiku,
"hata mbingu ikianguka, mwalimu,"
akafunga kanga yake, akapanda njia ya viazi.

Na kaunta buku. Mistari niliipiga mwenyewe kwa rula:
tarehe, jina, dawa, saa, baki, sahihi.
Mimi mwalimu wa hisabati.
Hupenda kuona safu zimejaa.

Wiki ya mitihani, Jumapili,
karatasi mia na arobaini zikinisubiri mezani,
nilitia sahihi za siku saba kwa mkupuo.
Hata baki niliijaza:
ishirini na moja, ishirini, kumi na tisa,
toa moja, toa moja,
kazi ya mtoto wa darasa la pili.
Nilijiambia, si huja kila siku?
Huja na kikombe chake cha bati,
humeza, hufungua mdomo nione,
hurudi prepu.

Alhamisi mvua ilishika tangu adhuhuri.
Umeme ukakatika.
Subilaga alikuja akagonga mlango wa ofisi,
akangoja, akagonga tena
(haya niliyajua baadaye),
nami nilikuwa stafu, kwenye mshumaa,
naweka mikasi mekundu penye "tafuta x".

Ijumaa, mstarini, katikati ya wimbo wa taifa,
alianguka.
"Msimguse!" mtu alipiga kelele,
na mduara ukapanuka,
watoto mia tatu wakirudi nyuma kwa ajili ya povu.
Aliyeupasua ni mpishi, Nsajigwa,
mwiko bado mkononi.
Alimlaza ubavu,
akamwekea kichwani koti lake linalonuka moshi,
akakaa naye kwenye tope, akinong'ona kitu
ambacho hakikuwa dua wala dawa.

Zahanati, mganga aliuliza: "Jana alikunywa?"
Nikafungua buku.
Alhamisi. Saa mbili kamili. Baki kumi na saba.
Sahihi yangu na mkia wake wa madaha.
Buku likasema, alikunywa.
Mimi sikusema kitu.
Mganga akatikisa kichwa, akaandika:
dozi iongezwe.

Jioni nilimwaga pakiti juu ya meza,
nikahesabu kwa ncha ya kalamu.
Kumi na nane.
Nikahesabu kutoka upande wa pili.
Kumi na nane.
Vidonge havijui kumstahi mwalimu.

Kilomita tatu hadi zahanati, usiku, utelezi.
Nilianguka mara mbili na sikujifuta.
Mganga alinifungulia akiwa na shuka mabegani.
Nilisema yote mlangoni, haraka,
kama mtoto anayetapika.
Hakunigombeza. Alitafuta kalamu,
akakata maneno yake mawili,
akasema, "Nenda ukalale."

Jumapili bibi yake alishuka kutoka kijijini
na debe la viazi kichwani.
"Ugonile, mwalimu," akanishika mikono yote miwili,
"Mungu akulipe, kwa kumtunza."
Nilimweleza. Nadhani nilimweleza.
Upepo ulikuwa mkali, na sikio lake moja halisikii vizuri.
Viazi alituachia.

Siku hizi siandiki mpaka nione koo likipanda na kushuka.
Ufunguo wa pili uko jikoni, kwa Nsajigwa,
kwenye msumari juu ya gunia la chumvi.

Lakini usiku ule wa kwanza baada ya kuruhusiwa,
Subilaga alisimama na kikombe chake,
akalitazama buku kwa kichwachini,
kidole chake kikateremka safu mpaka kikasimama.
"Mwalimu," aliuliza, bila ubaya wowote,
"na hiki cha Alhamisi nitakunywa lini?"